Boston Marathon: ukitaka kuziona mbio zenyewe panda vilima vya Newton, usikimbilie pale mwisho

Mdau wa Worcester
Wadau habari za mda huu. Kila ikikaribia ile Jumatatu ya tatu ya Aprili watu wetu wa huku Massachusetts wanaanza kuulizana swali moja, tukae wapi tuwaone wakina Korir wa Kenya na Simbu wa Tanzania wakipita, na karibu kila anayejibu anasema nenda Boylston Street kwenye mstari wa kumalizia. Mimi nasema hapana na ntaeleza kwanini, alafu wenye mawazo tofauti mje, uzi ni wa wote.

Anayeenda mara ya kwanza aelewe kitu kimoja, hizi mbio hazizunguki. Zinaanzia Hopkinton, mji mdogo huko magharibi, zinapita Ashland, Framingham, Natick, Wellesley, Newton, Brookline mpaka katikati ya Boston, km 42.195 za kwenda tu. Kwaiyo pale utakaposimama mkimbiaji anapita mara moja na ndo basi, na wale wa mbele wanakata kilomita kwa dakika tatu au chini ya hapo, ukichagua sehemu vibaya umeamka alfajiri kwa ajili ya sekunde chache na mgongo wa jamaa aliyesimama mbele yako.

Sasa barabara yenyewe iko hivi. Kutoka Hopkinton inateremka, tena mwanzoni inateremka kwelikweli, na mpaka unavuka mto Charles pale Newton Lower Falls, kama km 25 hivi, umekuwa ukishuka zaidi ya kupanda. Mtu anaona raha kumbe ule mteremko unayala mapaja taratibu, maana kila hatua paja ndo linafunga breki. Hapo ndipo Newton inaanza, vilima vinne kati ya km 26 na 34, cha mwisho Heartbreak Hill. Kwa macho ni kitu kidogo, kama mita 27 tu za kupanda, mtu wa Lushoto au wa Iten akikiona atauliza kilima kiko wapi. Lakini kinakuja kwenye km 33, kwenye mapaja yaliyokwisha kuliwa.

Angalieni historia ya karibuni. 2023 Kipchoge alikuja Boston, dunia nzima inamwangalia yeye, akaachwa hukohuko Newton karibu na km 30, na mmoja wa waliokuwa mbele wanavuta ni Mtanzania wetu Gabriel Geay, akamaliza wa pili kwa 2:06:04 (yaani saa mbili, dakika sita na sekunde nne) nyuma ya Evans Chebet wa Kenya. 2025 John Korir alianguka palepale mwanzo Hopkinton, akainuka, akawafuata, alafu kwenye vilima vya Newton akachomoka peke yake mpaka mwisho, 2:04:45. Nyuma yake Alphonce Simbu wa pili kwa 2:05:04. Simbu huyohuyo miezi mitano baadae, Septemba 2025, akachukua dhahabu ya dunia Tokyo, ya kwanza kabisa kwa Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Mtu wa aina hiyo anapita kilomita chache kutoka nyumbani kwako, bure, hakuna tiketi, na unaweza kusimama karibu nae kiasi cha kusikia viatu.

Mimi kituo changu ni kona ya zimamoto, yaani penye kituo cha zimamoto cha Newton, pale wanapotoka Washington Street wanakata kulia kuingia Commonwealth Avenue, kama km 28. Kona ni kali, wanapunguza kidogo, unawaona usoni, na papohapo wanaanza kilima cha pili. Unashuka stesheni ya Woodland, kwenye treni ya mjini ya Green Line D, unatembea kama robo saa.

Mama wa Lowell
Niaje wadau. Uzi poa sana. Mimi ni Mkenya niko Lowell na watoto watatu wadogo, swali langu ni hili, hiyo kona ya zimamoto watoto wataweza kweli? Watu huwa wengi? Na sisi wa Lowell tunafikaje bila gari?

Mdau wa Worcester
Dada karibu sana. Gari liache nyumbani, barabara zinafungwa asubuhi mapema na mbio zinakata miji katikati, unaweza ukaiona nyumba ya rafiki yako upande wa pili na usifike. Panda treni ya Lowell mpaka North Station, hapohapo unaingia Green Line D inayoelekea Riverside, shuka Woodland. Sisi wa Worcester tunapanda treni yetu ya kwenda Boston, yenyewe inafuatana na njia ya mbio, ina vituo Ashland, Framingham, Natick, Wellesley.

Kwa watoto wadogo ila, kiukweli, ningeenda Natick. Pale katikati ya mji kuna uwanja wa majani mbele ya barabara, ni kama km 16, watoto wanacheza, watu hawabanani, na wanaume wa mbele wanapita kama saa 4 na dakika 25 asubuhi. Bado wanakuwa kundi moja kubwa, ni watu kumi na kitu wamebanana, watoto wanapenda.

Nandi wa Mbali
Wellesley je? Kila mtu huwa anaongea juu ya Wellesley.

Mdau wa Worcester
Wellesley ni kwa ajili ya kelele. Wale wasichana wa chuo cha Wellesley wanajipanga kando ya barabara karibu na km 20 na wanapiga mayowe mpaka wakimbiaji wanawasikia kabla hawajawaona. Ni raha, nenda mara moja. Ila mbio pale hazijaanza bado.

Mzee Mwanariadha
Vijana hamjambo. Nimesoma, ndugu yangu wa Worcester umeeleza vizuri, ila kuhusu Boylston lazima nipingane na wewe, tena napinga kama Mtanzania.

Mwaka 1988 Juma Ikangaa, mwanajeshi wetu, alikimbia Boston na Ibrahim Hussein wa Kapsabet. Walipanda Newton pamoja, wakashuka pamoja, wakaingia mjini pamoja. Hussein akamshinda kwenye mita za mwisho kabisa, 2:08:43 kwa 2:08:44. Sekunde moja! Na Hussein akawa Mwafrika wa kwanza kushinda Boston. Yule aliyesimama Newton siku hiyo aliona watu wawili wanapita, basi. Aliyesimama Boylston aliona historia ya Afrika inaandikwa na watu wawili wanaozungumza Kiswahili. Ikangaa alirudi 1989 akawa wa pili, 1990 wa pili tena. Miaka mitatu mfululizo. Na huyo si mtu wa kushindwa, New York 1989 alishinda kwa 2:08:01. Vijana wengi wa leo hawalijui jina hili na inaniuma sana.

Mdau wa Worcester
Shikamoo mzee. Hilo la Ikangaa nalikubali na nashukuru umelileta, watu walisome. Ila mzee tuwe wakweli, wanaume kumaliza wamebanana vile Boston haitokei kila mwaka. 2024 Sisay Lemma wa Ethiopia aliwaacha wenzake mapema mno akakimbia pekeake, ukikaa Boylston unamuona mtu mmoja anapita, unasubiri, anapita mwingine. Na kupata nafasi ya mbele pale lazima ufike asubuhi sana, unapita ukaguzi wa polisi, stesheni ya Copley inafungwa siku nzima, ukitoka kwenda chooni nafasi imekwenda.

Mzee Mwanariadha
Marahaba. Ukaguzi ni haki yao, wale waliouawa na mabomu pale 2013, watu watatu, na mamia waliojeruhiwa, hawakuwa wamefanya kosa lolote, walikuja kutazama mbio kama sisi. Mimi nikienda Boylston naenda pia kwa ajili hiyo, kwamba watu hawakuogopa kurudi.

Dada wa Kasi
Jamani mbona mnaongelea wanaume tu hapa. Hoja ya Newton inawafaa wanaume, kwa wanawake miaka hii mbio zinaamuliwa BAADA ya Newton, na kama unakaa kona ya zimamoto unakosa utamu wote. Nawapa mfano. 2022 Peres Jepchirchir na Ababel Yeshaneh wa Ethiopia walipokezana uongozi maili ya mwisho yote, huyu mbele, yule mbele, huyu mbele, Jepchirchir akamaliza kwa 2:21:01 akiwa ameshinda kwa sekunde 4. 2024 Hellen Obiri na Sharon Lokedi, Wakenya wote, Obiri akashinda, sekunde 8 kati yao. 2025 walewale wawili tena, hii safari Lokedi akamuacha Obiri wakiwa wanaingia mjini, akaweka rekodi ya njia 2:17:22, na Obiri mwenyewe 2:17:41. Hao wote walitoka Newton wakiwa bado pamoja. Afu usisahau Edna Kiplagat ambae 2024 alikuwa wa tatu akiwa na miaka 44, mama wa watoto, bingwa wa hapo 2017 na 2021. Kwangu mimi mbio za kina mama Boston ndo mbio tamu kuliko zote duniani na watu wetu wanaondoka kabla hawajafika kwa sababu wanaume wameshapita!!

Kaeni Beacon Street. Kuanzia Cleveland Circle, Coolidge Corner mpaka Kenmore barabara iko wazi, inateremka kidogo, unawaona wanakuja kwa mbali na unaona kabisa nani anatafuta hewa.

Nandi wa Mbali
Dada umesema ukweli mtupu. 2025 mimi nilikuwa Coolidge Corner, venye hao wawili walipita hapo nilishindwa nishangilie nani, wote ni wetu, nikaita tu majina yote mawili mpaka sauti ikaisha.

Mdau wa Worcester
Dada wa Kasi hoja yako imeshiba, na imenifanya nipige hesabu upya. Wote tunataka kuona wanaume wakipasuana Newton na wanawake wakimalizana mjini. Je inawezekana kwa siku moja? Nimekaa na ramani na saa, naona INAWEZEKANA, ila sio kwa kona ya zimamoto, kwa Centre Street. Fuateni:

Wanaume wanaanza saa 3 na dakika 37 asubuhi, wanawake dakika kumi baadae (hizo ndo saa za 2024 na 2025, angalieni tangazo la waandaaji mwaka unaokwenda). Kwa mwendo wa 2:05 wanaume wanafika mwanzo wa Heartbreak, pale Centre Street inapokutana na Commonwealth Avenue, kama saa 5 na dakika 12. Wakishapita unashuka na Centre Street mpaka stesheni ya Newton Centre, ni mwendo wa dakika kumi na kidogo kwa mtu anayetembea kwa nguvu. Unapanda D kurudi mjini. Hapo msishuke Kenmore! Shukeni Fenway, kituo kimoja kabla, mtembee na Park Drive mpaka Audubon Circle inapokutana na Beacon Street, dakika tano sita. Pale ni kama km 40. Wanawake kwa mwendo wa Lokedi wa 2025 watakuwa wanapita dakika chache kabla ya saa 6 kamili mchana. Una kama dakika 45 toka wanaume wakuache mpaka wanawake wakukute. Treni isipochelewa umewaona wote, na unakuwa umewaona kwenye kilomita zenye maana.

Na stesheni ya Newton Centre iko upande wa kusini wa njia, Fenway nayo hivyohivyo, kwaiyo hakuna sehemu unayohitaji kuvuka barabara ya mbio. Hilo ni kubwa kuliko mnavyodhani.

Dada wa Kasi
Hesabu nzuri ila Kenmore siku hiyo kuna mechi ya Red Sox, timu ya besiboli ya hapa, asubuhi, treni zinajaa mashabiki. Mwenye mtoto mgongoni asijaribu.

Mdau wa Worcester
Kweli kabisa. Wasio na watoto tu, na viatu vya kutembea. Na ndo maana nikasema Fenway mshuke, mtembee, msiingie ule msongamano wa Kenmore.

Polepole
Wakuu naomba na mimi niseme kwa niaba ya sisi tunaokimbia nyuma. Mnaongea kana kwamba mbio zinaisha saa 6 mchana. Boston ina wakimbiaji kama elfu thelathini na ndani yao kuna Waswahili kibao, manesi, madereva, wanafunzi, wengine wanakimbia kuchangisha pesa za hospitali, na wengi wetu tunafika Heartbreak saa 8 mpaka saa 9 na zaidi alasiri, na mda huo ndo watu wanakunja viti wanaondoka.

Nawaambia kitu ambacho anayetazama hawezi kukijua. Pale Heartbreak kelele zipo, wanafunzi wa Boston College wako juu ya kilima wanapiga kelele mpaka unapanda bila kujua. Shida inakuja ukishamaliza kilima. Unadhani kazi imeisha, unaanza kuteremka kuelekea Cleveland Circle, km 35, na mapaja yanakataa, kila hatua ya kushuka ni kisu. Kuanzia hapo mpaka km 38 ndo watu wanakaa chini. Ukitaka kumsaidia ndugu yako anayekimbia, sio kumuona tu, KUMSAIDIA, simama kati ya Cleveland Circle na Washington Square, mwite kwa jina lake, kwa lugha yake. Mimi kuna mama alinipigia kelele "kaza baba, kaza, nyumbani karibu" hata simjui na sijui aliniona wapi kwamba mi ni Mswahili, nadhani ni bendera ndogo niliyobandika kwenye kofia, nikakimbia mpaka Kenmore bila kusimama.

Na pale Kenmore kuna lile bango kubwa la Citgo, ukiwa Beacon Street unaliona kutoka mbali, unakimbia unakimbia halifiki, ukilipita imebaki maili moja. Mtu akisimama hapo chini asitudanganye kwamba "umefika". Sema imebaki maili moja, tunajua wenyewe la kufanya.

Mama wa Lowell
Aki hii imenigusa. Nitakaa hadi jioni. Mtu anajuaje ndugu yake amefika wapi?

Polepole
Dada waandaaji, B.A.A., wana apu yao ya simu, unaingiza jina au namba ya mkimbiaji inakuonyesha amepita kilomita ngapi na inakisia atafika saa ngapi. Ila intaneti inalemewa watu wakijaa, kwaiyo mkubaliane kabla: upande wa kushoto au wa kulia wa barabara, na kitu cha kuonekana. Bendera ya Kenya au ya Tanzania kwenye fimbo ndefu inatosha kabisa. Mkimbiaji aliyechoka haangalii pande mbili, akijua uko kulia anakuja kulia.

Mtoto wa Singida
Mimi ni mgeni huku, ndo Aprili yangu ya kwanza inakuja. Nilitoka Ikungi kwa kina Simbu. Nivae nini? Na mnapiga kelele gani maana wazungu wanapiga kengele tu.

Mzee Mwanariadha
Karibu mwanangu. Aprili ya huku usiiamini. 2012 joto lilifika kama nyuzi 30, watu wakaanguka. 2018 ilikuwa nyuzi 3 au 4 na mvua ya upepo inayopiga usoni siku nzima, mabingwa wengi wakaacha mbio njiani, Geoffrey Kirui alikuwa anaongoza akapitwa baada ya km 40 na Yuki Kawauchi wa Japani, mtu aliyekuwa na ajira yake ya kila siku ofisini. Vaa nguo za kupunguza moja moja, beba koti la mvua, chai kwenye chupa. Mfuko uwe mdogo, polisi hawapendi mabegi makubwa.

Kuhusu kelele, mwite mtu kwa jina. Wale wa mbele majina yao yameandikwa kifuani. Simbu akipita mwite Simbu, mwambie "kaza Simbu, Tanzania iko hapa". Mtu aliyekimbia km 32 katikati ya lugha za watu akisikia lugha ya nyumbani anajua.

Nandi wa Mbali
Na Mkenya akiwa mbele, mtushangilie pia mzee 😊

Mzee Mwanariadha
Hussein na Ikangaa walikimbia bega kwa bega mwanangu. Tutawaita wote.

Dada wa Kasi
Basi tupange. Nusu tukae Centre Street chini ya Heartbreak, nusu Beacon Street karibu na Washington Square tukae mpaka wakina Polepole wapite wote. Waliotoka shifti ya usiku wasijilazimishe Newton, waje Beacon mchana. Wa Newton tukutane saa ngapi?

Mdau wa Worcester
Saa 4 kamili asubuhi muwe mmeshasimama. Najua wanaume wanafika saa 5 na robo karibu, ila kabla yao kuna wale wa viti vya magurudumu, wanaanza kama saa 3 na dakika 6 na kwa mwendo wa Marcel Hug wa Uswisi, aliyemaliza 1:15:33 mwaka 2024, wanapanda Heartbreak kwenye saa 4 na dakika tano hivi. Kilima kile kukipanda kwa mikono, mnataka mkione. Mkija na treni ya D, mkishuka Newton Centre geukeni kuelekea Commonwealth Avenue, fuateni watu. Sisi tutakuwa upande wa kusini wa barabara, bendera mbili kwenye fimbo moja.